Uso wa Jengo la Mapazia

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa kazi yangu ya kwanza yenye uzito. Mkurugenzi ameitangaza mbele ya ofisi nzima, kalamu ikiwa sikioni kama ilivyo kawaida yake: niandike uchambuzi wa uso wa jengo letu jipya la makazi, utakaowasilishwa kwa majaji wa tuzo ya usanifu. Mpango wa vyumba usinihusu, wala mabomba. Uso tu — na namna unavyozungumza na mtaa ulio mbele yake. Majaji wakiridhika, nitathibitishwa kazini. Hakulizungusha neno. Alisema muda wangu wa majaribio unakwisha na mwezi huu, naye anatafuta sababu ya kunibakiza.

Nilisimama kushukuru. Kumbe hapa hakuna anayesimama! Rula — mchoraji wetu mkongwe, mrefu na mwembamba, na jina hilo pengine alipewa kabla sijazaliwa — akanivuta mkono na kuninong'oneza kwamba nikae, hapa si mahafali.

Jengo lenyewe liko mkabala na nyumba ya Shangazi, ninakoishi tangu nimalize chuo. Rula anasema nimepata safari ya kikazi ya kuvuka barabara. Na acheke. Wengine huvuka bahari na hawapati kazi kama hii.

Utaratibu wa ofisi nimeusoma mara mbili. Mchambuzi huchora kwanza, huandika baadaye. Huchora kwa mkono na kwa wino, amekaa mahali pamoja, asubuhi, mchana na jioni. Kufuta ni marufuku; mstari uliokosewa huachwa, mwingine ukapita kando yake. Kamera haitolewi mfukoni mpaka michoro ikamilike. Mkurugenzi anasema mkono una adabu: hauchori usichokiona.

Jumanne, 4 Machi

Nimeweka meza kibarazani kwa Shangazi, kando ya mlango wa duka lake la fotokopi. Mashine inanguruma nyuma yangu na joto lake linanipiga mgongoni. Mbele yangu — jengo.

Lina ghorofa saba. Mtaa uliobaki ni nyumba za chini, paa za bati, karakana ya mchomeleaji, duka la dawa, kinyozi. Kwa hiyo jengo limesimama kama mgeni mrefu aliyeingia katika picha ya familia. Lakini mgeni mwenye heshima zake! Msanifu (naye ni Mkurugenzi mwenyewe, nisisahau) amezipisha roshani, moja kushoto, inayofuata kulia, hata jicho halichoki. Matofali ya matundu yamesitiri ngazi. Rangi ya chini imeazimwa kutoka kuta za mtaa, udongo uliopauka. Kadiri uso unavyopanda ndivyo inavyofifia, mpaka juu ni nyeupe kama karatasi.

Na mapazia! Kila dirisha na lake: ya maua, ya mistari, ya kijani, ya zambarau. Nguo zimeanikwa roshanini. Ghorofa ya pili kuna baiskeli ya mtoto. Nimeandika sentensi ambayo naamini itasomwa kwa sauti siku moja: "Msanifu alitoa mdundo, wakazi wakaleta wimbo." Nimeirudia mara kadhaa. Inasimama.

Shangazi alitoka na chai, akatazama ninachotazama. Akasema alifungua duka hapa kabla msingi wa jengo lile haujachimbwa, na katika watu wote wa juu hajamtolea hata mmoja fotokopi ya kitambulisho. Nikamwambia pengine wana mashine zao. Akasema, basi na mikate wanajiokea, maana mwenye duka la rejareja naye analalamika.

Alhamisi, 6 Machi

Mchoro wa jioni. Taa huwaka kwa kupanda: ghorofa ya chini, kisha ya juu yake, kisha ya juu yake, hadi kileleni. Hakuna anayemtangulia aliye chini yake. Katika rasimu nimeiita "nidhamu ya pamoja ya wakazi".

Sehemu ya pili ya uchambuzi inahusu mtaa, hivyo leo nimegeuza kiti na kuchora upande wetu. Jambo geni. Madirisha yanayotazama jengo yamefungwa — katika joto hili! Mwenye duka la dawa amepanga maboksi hadi yakaziba kioo. Kinyozi amegeuza viti vyake, wateja wanatazama ndani, na kile kioo kikubwa amekitundika ubavuni ili kisionyeshe nje. Mchomeleaji anaunga mageti akiwa ameipa barabara mgongo.

Nilimwuliza mchomeleaji, kwa adabu zote. Hakuzima hata mashine.

"Wewe ungependa kula huku unatazamwa?"

Nikamwuliza anatazamwa na nani.

"Si wewe ndiye uliyesomea majengo? Utuambie sisi."

Nimeandika: "Mtaa bado haujalizoea jengo." Ni sentensi ya kitaalamu. Haimkosei mtu.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Kubwa, ya ghafla, alasiri. Mtaa mzima ukatoka mbio — Shangazi na shuka zake, mke wa kinyozi na mataulo, watoto wanacheka, mtu anapiga kelele "Ya mdogo wako! Ya mdogo wako umeiacha!" Nami nilisaidia kubeba. Nikiwa mlangoni, nguo zimenijaa kifuani, nikainua macho.

Ng'ambo hakutoka mtu.

Kamba zote zimejaa nguo. Mvua inazipiga. Hakuna mlango uliofunguka, hakuna mkono ulionyooshwa. Ghorofa ya tatu, sweta dogo la njano lilikuwa limelowa mpaka limekuwa rangi ya tope, mikono yake inachuruzika. Nilisubiri. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Jamani, si muanue!" Shangazi akaniuliza nasema na nani.

Mvua ilipokatika nimetandaza michoro yote kitandani. Sweta la njano limo katika kila mmoja. Lipo pale pale, mkono wa kushoto umekunjika kwa namna ile ile. Wiki nzima nimelichora, na sikuliona.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Rula, peke yake, wakati wa chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mazito. Yeye akacheka mpaka akashika ukuta.

Ofisi nzima inajua. Jengo halina mtu! Nyumba bado hazijapata wanunuzi. Ninachokiona ni kazi ya Mama Mapazia, mpambaji ambaye mwenye jengo amemkodi. Hutundika mapazia, hufunga taa zenye swichi ya saa, huanika nguo kuukuu. Wenyewe wanaita "kulipasha jengo moto". Mnunuzi haogopi kuingia mahali panapoonekana pana watu. Na zile taa zinazopanda kwa nidhamu? Mama Mapazia alizitega mwenyewe akikwea ngazi, akapumzika kila ghorofa, naye ni mnene.

"Profesa," Rula akasema, akijifuta machozi, "ulidhani ni wimbo wa nani?"

Kwa hiyo amesoma rasimu yangu! Nimeona aibu ya mtu aliyeisalimia picha ukutani, akangoja aitikiwe.

Jumatano, 12 Machi

Nilimpelekea Mkurugenzi rasimu mpya. Kila sentensi inayohusu wakazi nimeitoa, na sababu nimeieleza kwa lugha ya staha. Alisoma, akavua miwani, akaniuliza kama nimeyasoma masharti ya tuzo.

Nimeyasoma. Jengo linaloshindanishwa sharti liwe linakaliwa.

Akaisukuma rasimu kuelekea kwangu. Nikaelewa.

Kisha akawa mpole kama baba mkwe. Alisema sikudanganya, niliandika nilichokiona. Kilichobaki ni kuufanya ukweli ufuate maandishi, na hiyo ndiyo kazi ya msanifu tangu zamani — mchoro hutangulia, nyumba hufuata. Ipo nyumba moja ghorofa ya nne, katikati kabisa ya uso. Nihamie humo mpaka majaji wapite. Mkazi mmoja naye ni mkazi. Rasimu ya kwanza irudi kama ilivyokuwa. Barua yangu ya kuthibitishwa imekwisha kuchapwa, iko kwa katibu wake, inangoja sahihi.

Niliomba siku moja ya kutafakari. Nikakubali kabla sijafika mlangoni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimehama. Shangazi alinisaidia kuvusha godoro barabarani, akisema hata mke aliyeachika huenda mbali kuliko hapa. Lifti haijaunganishwa umeme. Mlinzi wa getini alilipokea godoro na kukwea nalo. Ghorofa ya nne akanikabidhi ufunguo na kuniambia pazia nisiliguse, likae nusu wazi kama lilivyo, ndiyo amri ya Mama Mapazia.

Shangazi hakuingia. Alisimama kizingitini akazungusha macho.

"Mwanangu, nyumba hii imevaa shati bila suruali."

Ni kweli. Kila kitu kimesongamana dirishani: kochi, kiti kimoja cha mbao, taa, ua la plastiki, rafu ya vitabu ambavyo ni migongo mitupu iliyogundishwa ubaoni. Ukirudi ndani kidogo tu — zege tupu, nyaya zinaning'inia, jikoni hakuna bomba. Nachota maji kwa mlinzi. Kochi limeelekezwa nje. Ukilikalia, mtaa mzima uko mbele yako kama hadhira.

Nilitoka roshanini nianue zile nguo, nianike zangu. Hazikutoka. Zimeshonewa kwenye kamba! Uzi mweusi, mshono wa karibu karibu, ili upepo usizichukue. Kati ya gauni na shuka imeachwa nafasi moja tupu. Nimeanika hapo blauzi yangu ya bluu, ya kazini. Imeenea sawasawa.

Jumapili, 16 Machi

Juu yangu mtu anavuta kiti.

Nimefundishwa jambo hili na niliandika mtihani juu yake: zege jipya husinyaa, fremu za madirisha hutanuka kwa jua, jengo hulia. Wapangaji wa majengo mapya hulalamika kila mahali. Nimejieleza hivyo asubuhi nzima.

Lakini kiti huvutwa. Kinakuwa kimya kwa kitambo cha mtu aliyekaa. Kisha hurudishwa. Zege lililosinyaa halirudishi kiti mahali pake.

Nilipanda ghorofa ya tano. Mlango umefungwa kwa kufuli. Vumbi la ujenzi limelala kizingitini kama unga, na hakuna aliyelikanyaga. Nilimwuliza mlinzi nani yuko huko. Akasema huko hakuna hata kigoda. Vitu vyote vya ndani alivipandisha yeye mwenyewe na vilimvunja kiuno, angesahau vipi? Akaniuliza, naye kwa upole, kama nimekula.

Jumanne, 18 Machi

Nilipita kwa Shangazi kabla ya kwenda kazini. Amenikasirikia.

"Siku hizi unatuonea haya? Jana mchana nimekupungia mpaka bega linauma. Umesimama tu dirishani kama sanamu."

Nilimwambia jana mchana nilikuwa ofisini. Kulikuwa na kikao, nilikuwa natafsiri vipimo kwa mgeni, Rula alikuwa ubavuni mwangu akisinzia. Shangazi akashika kiuno.

"Na ile blauzi ya bluu uliyoivaa?"

Blauzi ya bluu ilikuwa kambani. Niliianua jioni, ikiwa kavu. Ilikuwa na joto kidogo, lakini jua la mchana linatosha kuieleza.

Baada ya kazi nimemtafuta Mama Mapazia. Ana bohari iliyojaa marobota ya vitambaa hadi darini, na yeye katikati, anakata kwa mkasi mkubwa, pumzi zinamtoka kwa taabu. Nikamwuliza kama huwa anaweka watu wa bandia madirishani.

"Zamani, mwanangu. Watu wa kadibodi. Jua likawakunja, wakawa wanainama kama wana msiba. Mwenye jengo akasema watoe, wananitia hofu. Nikawachoma moto wote."

Nikamwuliza, na ghorofa ya nne?

"Ghorofa ya nne sikuweka mtu. Pale niliacha nafasi." Akapima kitambaa kwa mkono, akakata. "Mimi nauza uhai kwa mita, bibie. Lakini kila jengo naacha dirisha moja bila kulimaliza. Aliyenifundisha kazi aliniambia ukilimaliza lote, halitahitaji mtu tena."

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema hata yeye hakumwuliza mwalimu wake; alikuwa anataka kazi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeamua kulishughulikia jambo hili kitaalamu. Adhuhuri nilitoka ofisini, nikaketi pale pale kibarazani kwa Shangazi, wino na karatasi, na kuchora uso wote upya. Bila dhana. Bila sifa. Chini kwenda juu.

Nilifika ghorofa ya nne. Dirisha langu: pazia nusu wazi, ua la plastiki, ukingo wa kochi. Nikachora fremu, nikachora mkunjo wa pazia. Mkono ulikuwa mwepesi. Mashine ya fotokopi ikakwama, Shangazi akaitukana, nikageuka kucheka. Niliporudisha macho karatasini, kando ya pazia palikuwa na mstari wa bega. Mwingine wa shingo. Mkono wangu ulikuwa bado unakwenda.

Nikainua macho. Dirishani hakuna kitu. Pazia, ua, kochi.

Shangazi alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu. "Hapo umejichora vizuri," akasema. Nikamwambia mimi niko hapa. Akanitazama, akatazama ng'ambo, akaingia ndani.

Kufuta ni marufuku. Nilikusudia kuuficha mchoro ule na kuchora mwingine, lakini niliporudi ofisini Mkurugenzi alinikuta nao mezani. Akauinua hadi kwenye mwanga. Sijapata kumwona akifurahi hivyo! Alisema majengo yote aliyowahi kuyachora yalikosa kitu ambacho hakujua jina lake, na sasa amekiona: huyu mtu dirishani. Utakuwa mchoro wa kwanza, utakaotazamwa na majaji kabla hawajasoma neno lolote. Akanipa mkono mbele ya wote. Rula akapiga makofi, kidogo.

Nilipaswa kusema. Nilisema asante.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemwomba Mkurugenzi niruhusiwe kulala kwa Shangazi mpaka siku ya majaji. Nikatoa sababu ya maji. Akasema siku chache tu, nisiharibu nilichokijenga. Barua iko pale pale. Ameionyesha kwa kidole, juu ya dawati la katibu.

Nilikula kwa Shangazi. Chumba cha mbele kilikuwa na giza mchana kweupe. Kabati la karatasi amelisukuma hadi limeziba dirisha, la upande wa barabara. Nikamwuliza, hata wewe?

"Usinielewe vibaya, mwanangu. Kukutazama wewe siogopi."

Basi unaogopa nini?

Akakusanya vyombo. Alichukua muda mrefu kuliko vyombo vyenyewe.

"Nimempungia mara mbili, nikidhani ni wewe. Sasa mikono naiweka mfukoni. Naogopa siku atakayoitikia."

Akanisihi nisirudi. Alisema kazi nyingine zipo. Nikamweleza kwa utaratibu: wenzangu niliomaliza nao chuo wangapi wamepata ofisi kama hii, wangapi wanauza vocha za simu na vyeti vimo sandukuni. Nikasema ni majaji tu, Jumatatu, halafu basi. Nilizungumza vizuri.

Nimerudi kabla taa hazijaanza kupanda. Nimevuta kiti cha mbao na kukaa kwenye zege, nyuma kabisa, ambapo nje hapanioni. Juu yangu, kiti nacho kikavutwa hadi nyuma. Nilirudisha changu dirishani. Cha juu kikarudi.

Jumapili, 23 Machi

Sikutoka. Nimefanya mazoezi ya kuwasilisha, kwa sauti, nimesimama katikati ya chumba. Nikikosea neno narudia aya yote.

Mara ya mwisho sikukosea hata mahali pamoja. Nilipomaliza, nyumba ilikuwa kimya kwa namna ya watu wanaosikiliza.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi, ghorofa ya nne, nje ya mlango wangu. Niandike harakaharaka.

Majaji wamefika asubuhi, watatu. Jaji mkuu ni mama mtu mzima mwenye sauti ya mwalimu. Mlinzi alimshikia mwavuli kwa ajili ya jua. Tulisimama upande wa Shangazi, barabarani, jengo lote mbele yetu. Mkurugenzi akanisukuma mbele kidogo. Nikaanza. Roshani, rangi inayofifia, matofali ya matundu — kila neno lilikuja lilipoitwa. Wakatikisa vichwa. Mmoja akaandika. Niliona barua yangu ikitiwa sahihi, wallahi niliiona!

Nilikuwa nimefika kwenye wakazi. Jaji mkuu akanyoosha kidole.

"Yule wa ghorofa ya nne, mwenye bluu. Ni mkazi?"

Mimi leo nimevaa nyeupe.

Sikuinua macho. Niliwatazama wao wakitazama. Mmoja wao akatabasamu na kupunga mkono, na tabasamu lake likapanuka, kama la mtu aliyeitikiwa. Nyuma yetu mlango wa duka la Shangazi ukafungwa kwa kishindo.

"Ni mkazi?" akauliza tena. Mkurugenzi alikuwa ananitazama. Wote walikuwa wananitazama.

Nikasema, "Ndiyo. Ni mkazi wetu."

Jaji mkuu akafurahi. Alisema wamechoka kutazama kuta, wangependa kuzungumza na mtu anayeishi nyuma yake, aeleze mwenyewe maisha yalivyo humo. "Bila shaka!" akasema Mkurugenzi, na kunigeukia. "Nenda kamlete." Akanisindikiza hatua chache, mkono begani, akaninong'oneza, "Hapo umeniweza. Sikukuambia utafute mtu, ukatafuta. Ni nani?"

Nilipanda.

Ufunguo hauingii. Nimejaribu, nimeugeuza, nimejaribu tena. Kuna ufunguo mwingine umechomekwa kwa ndani. Wa akiba uko kwa mlinzi, naye namwona kupitia matundu ya matofali: bado yuko barabarani na majaji na mwavuli wake. Mwavuli umefungwa. Wanavuka! Hawataki kusubiri — Mkurugenzi anawafungulia geti, anacheka, anasema karibuni karibuni, lifti itakuwa tayari wiki ijayo.

Naweza kushuka. Naweza kuwaambia huku juu hakuna mtu, hakujawahi kuwa na mtu, rudini, jina langu lifuteni. Sentensi nimeipanga, iko kamili.

Wako ghorofa ya kwanza. Jaji mkuu anasifu upepo.

Sikushuka. Nimegonga. Nimegonga mlango wangu mwenyewe na kusema hodi, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyetumwa.

Ndani kiti kimevutwa. Kimerudishwa mahali pake.

"Karibu, mgeni," imesema sauti kama yangu, bila kukosea hata mahali pamoja. "Subiri, nakufungulia."

Ufunguo unazunguka, kwa ndani. Wao wako ghorofa ya tatu. Nimesogea kando ya mlango, nimenyoosha kola. Nasubiri